Jalada la Hamisi na Wenzake Wawili

Wewe unayesoma haya, jifanye umefika dirishani kwangu asubuhi, masijala ndiyo kwanza imefunguliwa, na huna haraka ya kwenda popote. Nataka nikueleze jinsi kumbukumbu za kesi za jinai zilivyokuwa zikitafutwa wakati wetu, na jinsi mtu mmoja alivyokaribia kupigwa viboko kwa sababu ya namna tulivyoziandika. Maneno ya mahakama yasikutishe. Nitayaeleza njiani, moja moja. Mimi mwenyewe nilipoingia sikujua hata moja.

Niliajiriwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha, katika mahakama ya wilaya upande wa Kinondoni. Siku ya kwanza nilivaa gauni la kitambaa cha kiwanda cha Urafiki nililoshonewa na shangazi, nikaamini nitakaa mezani na kalamu. Karani Mkuu, mzee wa Kizaramo aliyependa kuuliza kuliko kujibu, alipokea shikamoo yangu, akanitazama, akanipa kitambaa cha kufutia vumbi. Akaniingiza chumba cha nyuma. Huko kulikuwa na rafu mpaka darini, na katika rafu kulikuwa na majalada yaliyofungwa kwa kamba ya katani, mwaka kwa mwaka. Jalada ni lile folda la karatasi ngumu ambamo kesi nzima inakaa: hati ya mashtaka, maneno ya mashahidi, na mwisho wake hukumu. Chumba chenyewe ndicho masijala.

Nilifuta vumbi mpaka karibu adhuhuri. Hapo akaja mwanamke dirishani kutafuta kesi ya kaka yake. Karani Mkuu akaniambia nimhudumie, yeye akasimama nyuma yangu. Nikamuuliza yule mama jina la kaka yake. Akasema Juma Salum. Nikageuka kwenda kwenye rafu.

“Unakwenda wapi?” akaniuliza Karani Mkuu.

“Kumtafuta Juma Salum.”

“Mwanangu, hapa Kinondoni peke yake, ukiita Juma Salum barabarani, watageuka wangapi?”

Yule mama alicheka kabla yangu. Ndipo mzee akanifundisha kazi. Rafu haijui watu, alisema, rafu inajua namba. Kwanza uliza mahakama ipi, kwa sababu kila mahakama ina hesabu yake na namba zinafanana. Pili uliza kama ni jinai au madai. Jinai ni ile ambayo Jamhuri inamshtaki mtu kwa kosa. Madai ni ugomvi wa watu wawili juu ya shamba au deni. Tatu uliza kesi ilifunguliwa mwaka gani. Siyo mwaka wa kosa wala mwaka wa hukumu. Kesi iliyofunguliwa Disemba huweza kuhukumiwa mwaka unaofuata, lakini namba yake itabaki na mwaka wa kuzaliwa kwake, kama mtu. Ukishapata hayo unafungua daftari la mashauri ya jinai, unashuka na kidole, unapata namba, na namba ndiyo inakupeleka kwenye kamba.

Nimefundisha makarani wengi maneno hayo hayo. Ni elimu nzuri, lakini haikutosha, na nililijua hilo Ijumaa moja nikiwa katika mwaka wangu wa pili.

Asubuhi ile alikuwa kizimbani mchonga vinyago mmoja, jina lake Fabiani Mnali, mtu wa Newala aliyekuwa akiishi na mkewe Manzese. Alishtakiwa kwa kuiba magogo mawili ya mpingo katika bohari ya shirika la umma. Aliposomewa shitaka hakuzunguka. Alisema ni kweli, aliyachukua, mpingo ulikuwa haupatikani na alikuwa na kazi ya watu mkononi. Hakimu akamtia hatiani palepale.

Sasa nikueleze sheria ya wakati ule, kwani hapo ndipo moto ulipokuwa. Wizi wa mali ya umma ulikuwa na adhabu ambayo hakimu hakuweza kuipunguza: kifungo kirefu, na viboko siku ya kuingia gerezani, na viboko tena siku ya kutoka. Mlango wa huruma ulikuwa mmoja tu. Kama mali ni ya thamani ndogo, na mtu hajawahi kutiwa hatiani, hakimu aliruhusiwa kumpa adhabu nyepesi. Kwa hiyo kabla ya adhabu, mwendesha mashtaka huulizwa kama mshtakiwa ana makosa ya nyuma.

Mwendesha mashtaka wetu alikuwa mkaguzi wa polisi, mtu nadhifu, asiyependa kurudia neno. Alisimama na karatasi. Akasema anayo taarifa kwamba Fabiani Mnali alitiwa hatiani kwa wizi katika mahakama moja ya mwanzo upande wa Temeke. Akataja namba na mwaka.

Mnali alishika ukingo wa kizimba. “Mheshimiwa, hili la magogo nimelifanya. Lile la Temeke sikulifanya, na mahakama ilisema sikulifanya.”

“Una karatasi?” Hakimu akamuuliza.

“Waliniambia nenda nyumbani. Nikaenda nyumbani.”

Watu wakacheka kidogo. Hakimu hakucheka. Alikuwa mtu mzito wa maneno, na ile ilikuwa siku yake ya mwisho kwetu. Jumatatu alitakiwa kuripoti mkoani, kituo kipya, na hakutaka kumwachia hakimu mwingine mtu ambaye yeye ndiye aliyemtia hatiani. Akasema adhabu ataisoma leo hii kabla ya mahakama kufunga. Kama masijala inaweza kuleta kumbukumbu ya Temeke kabla ya hapo, ataiangalia. Kama haiwezi, ataishika taarifa iliyo mbele yake.

Mahakama ya mwanzo haikuwa na simu. Kwa kawaida tungemtuma tarishi na barua, na jibu lingekuja baada ya wiki. Karani Mkuu alinivuta pembeni akaniambia niende mimi. Nikasema tarishi ana baiskeli.

“Tarishi ataniletea ndiyo au hapana,” akasema. “Mie nataka mtu atakayesoma.”

Nilipotoka, mke wa Mnali alikuwa ameketi barazani. Hakuniomba kitu. Aliniangalia tu viatu, kama anayepima kama vitanifikisha, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Dada, huyu anafanya kazi yake ameketi chini, kutwa nzima. Wakimchapa vile wanavyochapa, ataketije?” Nilikaza mwendo.

Nilibadili basi Kariakoo na kufika Temeke adhana ya kwanza ikiwa imeshatoka. Hakimu wa pale alikuwa amekwenda kuswali. Karani nilimkuta mlangoni mwa masijala, kijana mrefu, kanzu imevaliwa juu ya suruali, kofia mkononi, ufunguo mkono wa pili. Nikamsalimu, nikampa barua. Aliisoma akiwa amesimama.

“Dada, umetoka Kinondoni kuja kuniharibia Ijumaa yangu?”

Nikamweleza. Akasema nisubiri mpaka atakaporudi. Nikamwambia nikisubiri, muda wa kutafuta utakuwa umekwisha. Akasema sheria hairuhusu mgeni kubaki peke yake na majalada, na kweli hairuhusu. Tukabaki tunatazamana, yeye anachelewa swala, mimi nachelewa mtu. Nikamwambia afanye lolote litakalomwacha na amani, ilimradi niwe upande wa ndani.

Akafikiri. “Basi ingia. Nitakufungia. Nikirudi nikikuta jalada limepungua, nitajua umepita ukutani.”

Nikaingia. Nikasikia ufunguo ukizunguka.

Chumba kilikuwa cha bati, dirisha moja dogo lenye nondo, joto la kuchomea chapati. Nilifanya kama nilivyofundishwa. Mahakama ninaijua, jinai ninaijua, mwaka ninao, namba ninayo. Nikafungua daftari la mwaka ule, nikashuka na kidole. Nikaipata. Iliandikwa hivi: Jamhuri dhidi ya Hamisi Pazi na wenzake wawili. Wizi. Wametiwa hatiani.

Jina la Mnali halikuwepo. Ila lilikuwepo, kwa sababu mmoja wa wale wenzake wawili alikuwa yeye, na mstari ulisema wametiwa hatiani, wote. Nilikuwa nimetumwa kutafuta kumbukumbu, na kumbukumbu ilikuwa hii hapa, kwa wino, ikisema kile kile alichosema mwendesha mashtaka. Ningeweza kuinakili na kuketi kungoja mlango ufunguliwe. Lakini niliambiwa nisome, nikaendelea kusoma. Katika daftari lile kulikuwa na safu ya mwisho, ambapo karani huandika hati za kifungo zilizotolewa. Hati ya kifungo ni karatasi inayomwambia mkuu wa gereza ampokee mtu. Kila mfungwa na hati yake, haiwezi kuchangiwa. Kwenye safu ile paliandikwa: hati mbili.

Hamisi na wenzake wawili ni watu watatu. Watu watatu, hati mbili. Mmoja hakwenda gerezani. Labda alitozwa faini. Labda alitoroka. Labda aliambiwa nenda nyumbani. Na kama ni hilo, ni nani kati yao? Daftari lisingeniambia. Nilihitaji jalada lenyewe.

Nikafungua kamba ya mwaka ule. Namba iliyotangulia ipo, namba inayofuata ipo, yangu haipo. Nikarudia, labda imeingia ndani ya nyingine. Haipo. Nje niliisikia sauti ya imamu kwenye hotuba, mbali kidogo, ikipanda na kushuka. Mwaka wa kabla, sikuikuta. Mwaka wa baadaye, sikuikuta. Jasho lilikuwa likinidondokea kwenye karatasi, ikabidi nijifunge kitambaa cha kichwa upya ili kilinyonye.

Jalada haliondoki rafuni bila sababu. Nilijiuliza: ni nani angelihitaji? Mtu aliyefungwa na hakuridhika. Mtu huyo hukata rufaa, yaani hupeleka kesi mahakama ya juu iangaliwe upya, na jalada humfuata huko. Likirudi, karani mwenye kazi nyingi hafungui kamba ya zamani kulirudisha mahali pake. Sisi pia Kinondoni hatukuwa tukifanya hivyo. Tulikuwa na pembe ya majalada yaliyorudi. Nikaanza kuitafuta pembe ya Temeke. Haikuwa kwenye rafu wala mezani. Nikainama, nikaikuta chini ya benchi, imefunikwa gunia, mchwa wameanza kuionja pembezoni.

Nililivuta jalada la Hamisi likiwa limeliwa kona moja. Nikapuliza vumbi, nikaenda moja kwa moja kwenye hukumu. Hakimu wa mahakama ile aliandika kwa Kiswahili kizuri, mwandiko wa kulala, na maoni ya wazee wa baraza, wale washauri wawili wanaokaa naye, aliyaweka kabla ya yake. Nikasoma. Mshtakiwa wa kwanza, Hamisi, alikutwa na mali. Mshtakiwa wa tatu alikutwa akiuza mali. Mshtakiwa wa pili alikuwa mpangaji katika nyumba walimolala wenzake, na mashahidi wote walisema hawakumwona na kitu. Kisha mstari huu: “Mshtakiwa wa pili, Fabiani Mnali, shitaka dhidi yake halikuthibitishwa, na anaachiwa huru.”

Niliusoma tena, polepole, kidole chini ya kila neno. Halafu nikauandika.

Karani aliporudi alifungua mlango akachungulia kama anayefungulia kuku. Nikamwonyesha mstari wa daftari, kisha nikamwonyesha hukumu. Alisoma vyote viwili, akavua kofia.

“Sisi tunaandika wa kwanza tu, dada. Wengine ni wenzake. Daftari lenyewe tunabahatisha, likijaa hatujui jingine litatoka wapi.”

Nikamwambia na sisi tunaandika hivyo hivyo, na ni kweli. Hakuna mahakama niliyoijua wakati ule iliyomwandika kila mtu kwenye mstari wake. Tena alinifaa sana. Aliniambia jalada haliwezi kutoka, nami nikijua hivyo, lakini nakala inaweza, ikithibitishwa. Akamkimbilia hakimu wake aliyekuwa anarudi kwa miguu na wazee wenzake, akamketisha. Hakimu akalinganisha nakala yangu na hukumu, neno kwa neno, bila haraka hata chembe, mimi nikiwa nimesimama mbele yake nikikunja na kukunjua vidole. Akatia saini. Mhuri ukakataa kushika wino. Karani akaupulizia pumzi, akaugandamiza kwa mikono miwili.

Basi halikuja. Nilitembea kuelekea Keko, na karani akanifuata na baiskeli, akanipakia nyuma mpaka kituo cha mbele. Njia nzima alikuwa akiuliza kama huko Kinondoni makarani wote hufungiwa ndani au ni mimi tu.

Nilipofika kwetu, karandinga, lile gari la kuchukulia wafungwa, lilikuwa limeshageuzwa uani na injini inanguruma. Ndani, Hakimu alikuwa ameketi na Mnali amesimama. Karani Mkuu aliniona mlangoni. Akainuka bila kuruhusiwa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akasema, “Mheshimiwa, masijala imerudi.”

Karatasi ilipita mkononi mwake ikaenda kwa Hakimu. Hakimu akasoma, akampa mwendesha mashtaka. Huyu alisoma muda mrefu. Aligeuza akaangalia mhuri, akageuza tena. Nilimwogopa. Mtu anaweza kusema nakala ya mkono haitoshi, na siku ikaisha hivyo.

Hatimaye akakunja ile karatasi yake ya asubuhi. “Mheshimiwa, taarifa niliyopewa iliwataja wote kwa pamoja. Upande wa mashtaka hauna kumbukumbu ya makosa ya nyuma.”

Mpaka leo namheshimu kwa sentensi hiyo. Hakulazimishwa.

Hakimu akaandika, kisha akasoma. Kosa la kwanza, mali ya thamani ndogo, mshtakiwa amekiri. Kifungo cha miezi michache. Viboko hapana. Magogo yarudishwe kwa shirika.

Mnali hakushangilia. Alikuwa anakwenda gerezani, na alijua kwa nini. Alipopitishwa mbele ya meza yetu alisimama kidogo, askari naye akasimama. “Walisema niende nyumbani,” aliniambia. “Nikajua yameisha. Sikujua yanabaki.”

Mkewe alikuwa palepale barazani. Alikuwa ameshasikia. Akaniuliza, “Kwa hiyo bado anakwenda?”

“Anakwenda, dada. Atarudi aketi.”

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka kulifuata karandinga mpaka lilipoingia barabarani. Hakunishukuru, nami sikuona kwa nini anishukuru kwa mume aliyechukuliwa.

Jumatatu, Hakimu akiwa ameshaondoka, Karani Mkuu aliniita, akachukua rula na kalamu nyekundu, akaugawa kila mstari wa daftari jipya. Tangu siku hiyo katika masijala yetu kila mshtakiwa aliandikwa jina lake, na matokeo yake mbele ya jina lake. Daftari liliisha upesi. Msajili, mkubwa wa masijala zote za mahakama, alipokuja kukagua alikasirika, akauliza kwa nini tunakula karatasi za serikali kama mbuzi. Karani Mkuu alimjibu kwa adabu kwamba kifungo cha mtu asiyestahili kinakula zaidi. Msajili aliguna, akatia saini.

Baadaye nilihamishiwa Temeke, nikakaa miaka mingi, kisha Magomeni, kisha nikarudi Kinondoni nikiwa Karani Mkuu mwenyewe. Kila kituo nilikuta pembe ya majalada yaliyorudi, na kila kituo wiki zangu za kwanza zilikwisha hapo, nikirudisha jalada moja moja kwenye kamba yake. Makarani vijana walininung'unikia. Niliwavumilia, kwa kuwa kazi hiyo haionekani. Nilistaafu kwa chai na mandazi na hotuba ya hakimu mkazi aliyezaliwa baada ya mimi kuajiriwa.

Siku hizi nakaa Goba, na nyumba zimepanda vilima mpaka naona mabati ya jirani usawa wa macho yangu. Watu bado wananijia. Mmoja amenyimwa kazi ya ulinzi kwa sababu ya kesi ya ujana wake. Mwingine baba yake amefariki na jina lake linatajwa vibaya msibani. Wengi huja wameinamisha kichwa, kana kwamba kuuliza ni kukiri. Nawaambia kumbukumbu ya mahakama ni yao pia, na aliyeachiwa huru ana haki ya kuionyesha kama aliyefungwa anavyoonyeshwa yake. Mashine zimeingia, namba zinatafutwa kwa kubonyeza. Hata hivyo mashine inakupa mstari, na mstari ni kazi ya karani aliyekuwa na haraka.

Kwa hiyo ukienda, mwanangu, nenda asubuhi. Chukua jina la mahakama, mwaka kesi ilipofunguliwa, namba kama unayo, na majina ya watu wote walioshtakiwa pamoja, siyo la ndugu yako tu. Ukionyeshwa mstari, shukuru, kisha omba jalada lenyewe. Wakikuambia halipo rafuni, waulize kama kulikuwa na rufaa, na yaliyorudi huwekwa wapi. Likiletwa, lifungue kwenye hukumu, umtafute mtu wako kwa jina, uisome mpaka saini ya hakimu. Kisha omba nakala yenye mhuri, na usiondoke dirishani kabla hujaishika mkononi.